Korido ya Kilomita Saba

Jumanne ile ya mwezi wa nane, chai ya meneja ilifika imepoa. Mama Agnetha, aliyekuwa akipika chai ya ofisi kwa miaka kumi na mmoja, alitoka jikoni saa nne kamili akiwa na birika, kikombe kimoja na sahani ya mihogo ya kukaanga. Aliingia kwenye korido, akagonga mlango wa Bwana Vedasto saa sita na dakika ishirini. Meneja akaonja, akaweka kikombe chini, akauliza kama gesi imekwisha.

"Gesi ipo, bosi," alisema Mama Agnetha. "Korido ndiyo imekuwa ndefu."

"Basi kesho weka kwenye chupa ya chai," alisema meneja.

Hadi Jumatatu korido hiyo ilikuwa na hatua kumi na nne. Ilianzia mlango wa mbele, ikapita chumba cha takwimu upande wa kushoto, jiko na masjala upande wa kulia, ikaishia kwa meneja. Jengo lenyewe ni la zamani, la kuta nene, na watu wa Tabora wanajua kwamba limesimama juu ya njia waliyopita wapagazi wa misafara wakielekea Ujiji. Kwa nje halikuongezeka hata tofali moja. Meneja alikuwa na mlango wake wa nyuma, unaotazama maegesho ya gari, na ufunguo wake alikuwa nao yeye tu. Wengine wote walipaswa kupita koridoni.

Jumatano Mzee Abasi, tarishi, alifunga mita kwenye baiskeli yake akaenda na kurudi. Aliegesha baiskeli kwenye mlango wa chumba cha takwimu, akajifuta jasho kwa kofia.

"Kilomita saba na mita kidogo," alisema. "Njia ni nzuri, sakafu yote ya saruji. Ila hakuna pa kunywa maji."

Siwema, karani wa takwimu, aliinamisha kichwa juu ya kompyuta. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa na haya. Watu wakiongea wengi, yeye hutafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Ofisi yao ilikuwa ya mradi wa visima vya vijijini. Kazi ya Siwema ilikuwa kupokea fomu zilizojazwa vijijini, kuziingiza kwenye lahajedwali, na kutafuta wastani wa umbali ambao watu wa kila kijiji wanakwenda kuchota maji. Kijiji ambacho wastani wake unazidi kilomita mbili kilichimbiwa kisima kirefu. Kijiji kilicho chini ya hapo kilisubiri awamu inayofuata, na awamu inayofuata haikuwa na tarehe.

Jumatatu, siku moja kabla ya chai kupoa, alikuwa amemaliza kijiji cha mwisho, Mwashilindi. Kaya sitini, safu moja ya namba. Aliandika fomula chini ya safu, akabonyeza, kompyuta ikamjibu papo hapo: kilomita moja nukta moja.

Aliitazama ile namba. Mwashilindi ilikuwa upande mkavu, na mwaka ule mvua zilikuwa zimekatika mwezi wa tatu. Akafanya walichofundishwa chuoni wafanye wakiona wastani wasiouamini: alitafuta namba ya katikati. Ilikuwa sifuri. Akatafuta namba inayojirudia zaidi. Nayo sifuri. Akapandisha safu juu na kuhesabu. Kati ya kaya sitini, thelathini na nane zilikuwa na sifuri. Yaani thelathini na nane walichota maji wakiwa wamesimama mlangoni kwao.

Aliyekwenda Mwashilindi kujaza fomu alikuwa Lukumani, ambaye meza yake ilitazamana na ya Siwema. Wakati ule alikuwa akimenya karanga.

"Kaka Lukumani, hizi sifuri za Mwashilindi ni za nini?"

"Zipi?"

"Hizi thelathini na nane."

"Ah. Hao hawakuwepo nyumbani. Nimefika saa tano, nagonga, hodi hodi, kimya. Mbuzi tu ananiangalia."

"Sasa si ungeacha wazi?"

Lukumani alionyesha ukutani kwa kidole chenye maganda ya karanga. Pale palibandikwa karatasi yenye sahihi ya meneja: HAKUNA KUACHA NAFASI WAZI. Bwana Vedasto alichukia nafasi wazi. Alisema fomu yenye nafasi wazi inaonyesha mfanyakazi aliyelala chini ya mti. Kabla ya tangazo lile fomu zilirudishwa vijijini mara mbili, mara tatu, na gari likaharibika. Baada ya tangazo hakuna iliyorudishwa.

"Wewe unataka nirudi kule kwa pikipiki, na kiuno hiki?" alisema Lukumani. "Ningekuwa na kiuno cha akiba ningekwenda."

Siwema alitabasamu kidogo. Mwalimu wake chuoni, Ezekia, aliwaambia siku ya pili ya somo kwamba kisanduku kitupu maana yake 'sijui', na sifuri maana yake 'najua kwamba hakuna'. Kisanduku kitupu kompyuta inakiruka. Sifuri inaihesabu kama mtu. Siwema aliandika maneno hayo kwa wino mwekundu, na daftari lile bado alikuwa nalo chumbani kwake mtaa wa Isevya, chini ya godoro. Ilikuwa kazi ya dakika mbili kuzifuta zile sifuri. Lakini ingembidi amweleze Lukumani, na Lukumani angenuna, kisha amweleze meneja, na meneja angemtazama. Orodha ya vijiji vya kuchimbiwa ilikuwa inasubiriwa saa kumi. Akaweka sahihi yake palipoandikwa Imehakikiwa na, akatembea hatua kumi na nne, akaikabidhi kwa meneja.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa korido ile kuwa na hatua kumi na nne.

Wafanyakazi walizoea upesi. Mtu mwenye barua ya kusainiwa alianza safari saa mbili asubuhi. Mtunza masjala alikuja na raba, viatu vyake vya kisigino akaviacha chini ya meza. Meneja alitoa waraka kwamba kila anayekwenda kwake abebe maji yake, na kwamba Mzee Abasi asipige kengele ya baiskeli anapopita masjala. Mama Agnetha aliomba mihogo iondolewe, kwa kuwa inakauka njiani, na ombi likakubaliwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini korido imerefuka. Bomba la chooni lilikuwa limeharibika tangu mwezi wa kwanza na hakuna aliyeuliza hilo pia.

Alhamisi saa tatu asubuhi alifika mwanamke mmoja akakaa kwenye benchi la wageni, ndani ya chumba cha takwimu. Alikuwa na ndoo tupu ya njano, na ngata ya khanga kuukuu aliyoivaa mkononi kama bangili. Daftari la wageni lilikaa kwenye meza ya Siwema, kwa sababu chumba cha takwimu ndicho cha kwanza mtu akiingia.

"Mwangaluka," mwanamke alisalimia kwa lugha ya kwao.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Ngollo. Nimetoka Mwashilindi. Mwenyekiti katuambia sisi tumeonekana maji tunayo. Wenzangu wakasema, Ngollo, wewe nenda kaulize ni yapi, ili na sisi tuyachote."

Lukumani alikohoa, akatoka kwenda kutafuta kalamu.

"Nyumba yenu ni namba ngapi, mama? Ile iliyoandikwa mlangoni kwa chaki."

"Kumi na saba."

Siwema alifungua lile jedwali akateremka hadi mstari wa kumi na saba. Jina lilikuwepo, Ngollo, na idadi ya watu, saba, vyote kutoka daftari la mwenyekiti. Umbali wa maji: 0.

"Siku ile alipokuja mtu wetu hukuwepo."

"Nilikuwa majini. Saa tano niwe wapi? Naondoka kabla jua halijatoka, narudi jua la utosini. Wote tuko huko. Anabaki kikongwe, na wale wa bondeni, ambao si mbali na lambo la maji, na wenye punda."

"Ni mbali kiasi gani?"

Mlango ulikuwa wazi, na kutoka pale benchini Ngollo aliiona korido ikienda, taa zake zikipungua ukubwa mpaka zikawa kama punje za mtama. Alisimama, akaenda hadi kizingitini, akaiangalia kwa muda kama mtu anayeangalia ng'ombe wa jirani.

"Kama hii," alisema. "Pale mbele inakata kushoto, si ndiyo? Kuna kichuguu."

Siwema alikuwa amesikia habari za kichuguu kwa Mzee Abasi, ambaye alilalamika kwamba kimeinua saruji. "Kipo," alisema.

"Halafu mteremko, halafu mafiga ya zamani. Bibi alituambia ni ya wapagazi, walipikia hapo. Sisi tukirudi na maji tunatua hapo tunapumzika." Alirudi kukaa. "Ndiyo hii. Kumbe mmeileta huku."

Siwema alizifuta zile sifuri moja baada ya nyingine, zote thelathini na nane. Wastani ukapanda hadi kilomita tatu. Kwenye kumi na saba akaandika 7, ukapanda kidogo tena. Alichapa ukurasa ule, akamwomba Mama Ngollo asubiri, kwa kuwa wageni hawakuruhusiwa kuvuka benchi bila miadi, akaingia koridoni saa nne kasoro robo.

Alikuwa na sentensi moja. Aliitunga alipopita masjala na kuibeba njia nzima: Mzee, zile sifuri si umbali, ni watu waliokuwa wamekwenda kuchota maji, na mimi nilijua. Kilomita ya kwanza aliisema kwa sauti ya kunong'ona. Ya pili, baada ya kichuguu, aliisema kwa sauti ya kawaida, na kuta zilizopakwa rangi ya maziwa juu na kijani chini zikamrudishia. Jasho lilimtiririka, viatu vikaanza kumbana, akavivua akavishika mkononi. Sakafu ilikuwa ya moto.

Kilomita ya nne alikuta mafiga matatu meusi na majivu. Wanaume watatu walikuwa wameketi hapo, vifua wazi, kando ya mizigo iliyofungwa kwa kamba za magome ya miyombo. Aliwaamkia, wakaitika.

"Mbele kuna maji?" aliuliza mmoja.

"Kwa meneja kuna mtungi," alisema Siwema.

Walitazamana. Yule aliyeuliza akasema hapana, mtungi wa bwana mkubwa wanaujua, wacha wapumzike tu. Siwema aliwaachia chupa yake iliyobaki nusu akaendelea. Sentensi bado alikuwa nayo.

Alifika saa sita. Alivaa viatu, akapangusa uso, akagonga.

"Pita. Oo, binti yangu. Kwa miguu?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Pole sana. Kaa, kunywa maji." Bwana Vedasto alimmiminia mwenyewe, glasi imejaa. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomharibia Siwema mambo. Angekuwa mkali, labda sentensi ingetoka yote.

"Kuna marekebisho kidogo ya Mwashilindi," alisema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kutoka moja nukta moja. Inafika tatu. Inazidi."

Meneja aliichukua karatasi akaisoma juu hadi chini. "Orodha ilikwenda makao makuu, Dodoma, Jumatatu jioni. Hii hapa nakala, pamoja na jedwali lake. Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Na hizi sifuri aliandika mtu wetu?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa tuwaambie nini? Kwamba tulituma namba, halafu tukaona si namba?" Aliikunja karatasi mara mbili, vizuri, akaiweka kwenye droo. "Tutaliangalia kwenye awamu inayofuata. Lakini umenikumbusha jambo. Nyinyi watumishi mnateseka. Mama Agnetha ana umri gani, anatembea hivi kila siku? Hebu nitafutie wastani wa umbali ambao mfanyakazi anatembea kuja kwangu. Fanya vizuri, kama unavyojua."

Siwema alisema sawa. Alikuwa hodari wa kusema sawa. Ile sehemu ya mwisho, na mimi nilijua, alirudi nayo kilomita zote saba.

Mama Ngollo alikuwa bado benchini saa nane na nusu, ndoo katikati ya miguu.

"Amesema watalifanyia kazi," alisema Siwema. Kwenye daftari la wageni, kwenye safu ya Hatua iliyochukuliwa, aliandika: Imepokelewa.

"Haya mwanangu," alisema Mama Ngollo, akamtazama miguu. "Umetembea sana leo. Mungu akubariki."

Wiki iliyofuata Siwema alitengeneza jedwali la watumishi. Walikuwa kumi na wawili. Mmoja alikuwa likizo ya uzazi na dereva alikuwa safarini Kaliua na gari. Lukumani, akichungulia juu ya bega lake, akamwambia hao aandike sifuri, asije akaulizwa. Meneja alipopigiwa simu alikataa.

"Hao hawakuwepo, tusiwaonee," alisema. "Acha wazi. Ukiweka sifuri utaharibu wastani wote. Na mimi niondoe kabisa, mimi nimeshafika."

Kwa hiyo Siwema aliacha wazi. Wastani ulitoka kilomita saba, na namba ya katikati ikakubaliana nao, na namba inayojirudia zaidi ikakubaliana nazo zote mbili. Lilikuwa jedwali safi kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Dodoma walijibu kwa siku nne.

Mtambo wa kuchimba uliingia kwa mlango wa mbele, baada ya fremu kung'olewa. Mafundi walikaa koridoni siku tisa. Walichimba kwenye kilomita ya nne, palipokuwa tambarare, na wakaomba mafiga yasogezwe. Wanaume watatu waliinuka bila kusumbua, wakabeba mizigo yao, wakaelekea upande wa magharibi. Maji yalipatikana kwenye mita themanini na mbili, matamu, yasiyo na chumvi. Paliwekwa pampu ya mkono, sakafu ndogo ya mteremko, na kibao: KWA MATUMIZI YA WATUMISHI. Siku ya uzinduzi Mama Agnetha alichemsha chai palepale, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane ilifika kwa meneja ikiwa na moto kiasi hata bila chupa ya chai.

Mwezi wa kumi, joto likiwa kali, Mama Ngollo alikuja tena. Alikuwa amekonda. Ndoo ilikuwa ileile, imeongezwa kiraka cha plastiki kilichoyeyushwa kwa moto.

"Nimekuja kuuliza ile habari yetu, kama imefanyiwa kazi."

"Bado, mama."

"Haya."

Siwema alimletea maji kwenye kikombe cha bati. Mama Ngollo alikunywa yote bila kupumzika, kisha akakiangalia kikombe ndani.

"Maji matamu haya. Mmechimba wapi?"

"Humu koridoni. Kilomita ya nne."

Mama Ngollo alifumba macho kidogo, akipita njia kichwani mwake: kona, kichuguu, mteremko.

"Kwenye mafiga," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hapo ni pazuri. Hata sisi tulisema, wakija kuchimba, wachimbe hapo."

Lukumani aliuliza, kwa upole, kama angependa kikombe kingine. Mama Ngollo alisema hapana, asante, kimetosha. Alikisuuza kwa tone lililobaki, akakipindua juu ya meza, akaweka ngata kichwani na ndoo juu ya ngata. Alisema anawahi, kesho zamu ya kuondoka mapema ni yake. Alitoka kwa mlango wa mbele, ambao fremu yake mpya ilikuwa bado haijapakwa rangi.

Siwema alitaka kumwita. Alisimama kabisa. Ile sentensi ilikuwa bado ipo, fupi sasa, maneno matatu tu, na mwanamke alikuwa bado hajavuka geti. Kisha akakaa.

Alivuta daftari la wageni. Jina, Ngollo. Anakotoka, Mwashilindi. Shida, maji. Kwenye Hatua iliyochukuliwa alishika kalamu muda mrefu, mpaka wino ukaacha nukta ndogo kwenye karatasi. Hakuandika kitu. Aliacha wazi, akafunga daftari.

Saa tisa na nusu Lukumani alilipitia kabla ya kulipeleka kwa meneja, maana safari hiyo ilikuwa zamu yake na alikuwa amekwishajaza maji chupa. Aliona nafasi ile, akatikisa kichwa, akaichukua kalamu ya Siwema mezani, na juu ya ile nukta akachora sifuri moja, ndogo na nzuri.